Mistari Mitatu Juu ya Shamba Letu

Miaka ya tisini ikielekea kwisha, watu wa mradi wa mipaka walibandika ramani kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, Kasokola. Mama alinisukuma mbele nisome, maana nyumbani ni mimi tu niliyemaliza darasa la saba. Watu walijaa nyuma yangu. Nilisoma polepole, kwa sauti ndogo.

Shamba letu lilikatwa katikati na njia ya kwenda mtoni. Juu ya njia kulikuwa na mistari miwili: "Shamba la mjane", kisha "baada ya mavuno". Chini ya njia, upande wenye unyevu, mstari wa tatu ulikaa peke yake: "malisho ya mifugo".

Jirani yetu, mzee aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, akacheka.

"Mama, kumbe ng'ombe wangu wamepewa nusu ya shamba. Wenyewe hata hawajaambiwa."

Mama hakucheka. "Na wewe uliambiwa lini?"

Ni kweli kwamba kila tukishavuna, ng'ombe wake waliingia kula mabua, wakatuachia mbolea. Mtaalamu wa ramani alipouliza shamba linatumikaje, mama alimweleza hayo yote. Sasa alijiona kama mtu aliyegawa shamba kwa mdomo wake.

Mtaalamu alituita kwenye kompyuta yake. Alisema ameiandikia maagizo kwa lugha inayoitwa Python: maneno yakiwa marefu yakatwe, yapangwe mstari chini ya mstari, yasivuke kwa jirani. Mashine haikujua kwamba pale pana njia.

"Imekata yenyewe?" mama aliuliza.

"Yenyewe, mama."

"Leo imekata maneno. Kesho?"

Mtaalamu akaongeza idadi ya herufi kwa kila mstari ili maneno yote yakae juu ya njia. Mama akatikisa kichwa.

"Futa habari za ng'ombe. Acha shamba la mjane, basi."

Jirani akaacha kucheka. "Na mabua je?"

"Mabua tutaongea mimi na wewe."

Ramani mpya ilipotoka, mama alitaka niisome tena na tena, kidole chake kikiwa chini ya njia, mahali palipobaki peupe.

Mwaka ule ng'ombe waliingia kama kawaida. Mama alisimama njiani na fimbo tangu asubuhi. Kula aliwaacha wale kote. Lakini kila ng'ombe aliyelala upande wa chini, alimwendea akamwinua, asije akadhani yuko kwake.