Kambale Anataka Ukwaju

Juzi Ikwiriri, kwa mama ntilie ninakokula kila siku, mgeni kutoka mjini aliletewa kambale wa kuchoma. Akauliza, "Mama, huyu anashushiwa na mvinyo gani?"

"Mvinyo kwangu hauingii, baba. Kambale ana mafuta, anataka ukwaju mkali. Ungechukua perege, ningekupa dafu."

Mgeni akasukuma sahani. "Bila mvinyo mweupe, sili."

Nikainuka nimtie adabu. Mama akaninyooshea mwiko, nikakaa.

"Onja, baba. Akikushinda, nitamla mwenyewe."

Akaonja, akanywa ukwaju, akala mpaka ikabaki miba mitupu. "Na kamba wa kule pwani Mbwera je, wanashushiwa na nini?"

"Hao kesho. Njoo na njaa."

Mimi ningemfukuza, mama kamuuzia na mlo wa kesho. Hotuba niliyomwandalia nikaishushia na ukwaju.