Blanketi Kavu la Karambu

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu haujainuka Kibugu. Lydiah Gatwiri amesimama nyuma ya choo, kikapu cha majani chai mgongoni. Hachumi. Anasikiliza.

"Karambu, bado?"

"Mama, usinisikilize!"

Mara mkojo unagonga kopo. Lydiah anafumba macho. "Asante Yesu." Ndipo anashuka shambani.

Mchuma chai huyu, mjane wa miaka 39, anaishi na hofu kwamba mkojo wa bintiye utakatika tena. Yote yalifuata baada ya Karambu, wa miaka saba, kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, kilichokuwa kimeshapasuka.

Karambu alikuwa kikojozi. Blanketi lake lilianikwa kila kukicha, na mama akaliombea jambo hilo miaka mitatu. Wiki moja baada ya kutoka hospitali, blanketi likaamka kavu. Kesho yake, kavu tena. Jumapili Lydiah akasimama kanisani, akatoa ushuhuda.

"Watu walipiga makofi," anasema, macho chini. "Kumbe nilikuwa namshukuru Mungu kwa kitu kinachoniulia mtoto."

Jioni hiyo, akimwogesha, aliona uso umevimba. Mwili ulikuwa moto.

"Umekojoa lini?"

"Juzi. Siku hizi hauji, mama."

Hospitalini Embu, daktari alimweleza kwamba usaha uliobaki tumboni ulikuwa umebana mirija yote miwili inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo.

"Hii huwa nadra sana, mama," alimwambia. "Lakini ungekawia kidogo, figo zingekufa."

Usaha ulitolewa, mkojo ukarudi. Lakini figo zilikuwa zimevimba, na moja haijanywea. Ijumaa Karambu atapigwa picha. Ikiwa bado imevimba, atarudi kwenye kisu.

Zamani Lydiah alichuma kilo ishirini na tano kwa siku. Sasa hafikishi kumi na tano, kwa kuwa kila mara anapanda nyumbani kutazama kopo lina mkojo kiasi gani.

"Mama Karambu!" jirani yake Gladys anamtania kutoka mstari wa pili. "Wewe unachuma chai ama unachunga choo?"

"Vyote viwili. Chuma yako!"

Wanacheka, lakini Lydiah ameshageuka kutazama nyumbani.

Usiku humwamsha mtoto mara tatu akojoe. Blanketi limeendelea kuamka kavu, na ukavu huo humtisha.

"Ijumaa wakisema figo ni nzima, sitamwamsha tena," anasema. "Nitamwacha alale. Na akililoanisha, nitalianika kwa seng'enge ya barabarani, watu wa kanisa wakipita walione. Huo ndio ushuhuda niliopaswa kutoa."