Sharti la Saba la Bwawa

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, ninajitolea katika ofisi moja hapa Bariadi, nilipopewa kazi ya kuandika masharti ya bustani mpya yenye bwawa. Bosi alisema matano yanatosha. Niliandika kumi na mawili. Vipi mtoto akiteleza? Vipi mtu akinywa yale maji akaumwa tumbo, na lawama zikanirudia mimi? Sharti la saba likawa hivi: "Ni marufuku kugusa maji ya bwawa kwa namna yoyote ile." Hayo maneno ya mwisho niliyaongeza kwa akili zangu, nikajiona hodari.

Bwawa lenyewe lilikuwa lambo la kunyweshea ng'ombe. Mama, kabla hajaolewa kijijini Sapiwi, alikuwa mmoja wa walioitwa kulichimba. Wanaume walishika majembe, wasichana wakabeba udongo kwa makarai kichwani. Nimeisikia habari hiyo tangu utoto. Ndiyo maana bado ninajichukia: niliwaza ajali kumi na mbili ambazo hazijatokea, nikamsahau mama yangu mzazi.

Alikuja Jumamosi moja baada ya mavuno ya pamba, kavaa kitenge kipya. Hakutaka chai wala soda.

"Nipeleke nikalione lambo letu."

Tulipofika alitazama uzio, mabenchi na nyasi zilizokatwa, akacheka. "Wamelipamba kama bibi harusi!" Kisha akapiga magoti ukingoni, akachota maji kwa viganja. Wale waliochimba hawapiti penye lambo bila kunawa uso. Kwao ni kama kubisha hodi.

Filimbi ikalia.

"We bimkubwa! Hapo siyo bafuni!"

Alikuwa mlinzi, kijana mdogo kuliko mimi. Watu kwenye mabenchi wakacheka. Msichana mmoja akainua simu kumrekodi mama yangu akiwa amepiga magoti.

"Mwangaluka, baba," mama akamsalimia.

"Salamu baadaye. Toa mikono kwanza. Bango hulioni?"

"Naliona. Kusoma ndiyo sijui." Akanigeukia. "Ng'wanone, mwanangu, nisomee."

Nikamsomea. Sijawahi kuchukia sauti yangu kama siku ile.

"Kwa namna yoyote ile," akarudia polepole. "Hata uso?"

"Hata uso."

"Aliyeandika haya ni mtu wa wapi?"

Ningeweza kusema ni mgeni. Ofisi zetu zimejaa wageni waliohamishiwa huku, na angeniamini. Uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Ni mimi, mama."

Mlinzi alicheka hadi akajishika kiuno. "Kumbe mwenye sheria ni wewe! Haya, mkamate sasa!"

Nilitamani kumpiga. Lakini alikuwa anafanya kazi niliyomwandikia, neno kwa neno.

Mama hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Alisimama, magoti yana tope, maji yakimdondoka mikononi.

"Ungeniuliza," alisema. "Ningekuambia."

Jumatatu niliomba sharti lile lifutwe. Nikaambiwa bango limeshasimikwa, niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa haijapita kwa mkuu wa idara. Nikaandika nyingine, nikiipima kila nukta, nikaambiwa ile ya kwanza haionekani. Kuliandika sharti kulinichukua siku mbili, wala hakuna aliyeniuliza limepita kwa nani. Kulifuta imekuwa miezi.

Juzijuzi mama alipiga simu, nikamweleza habari ya barua ya tatu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wewe ulishanawa pale?"

Sikuwa nimenawa hata mara moja.

Jumamosi nilienda. Je, wakinifukuza kazi? Kazi gani, na mimi silipwi? Nikapiga magoti palepale alipopiga yeye. Filimbi ikalia, mabenchi yote yakageuka.

"Oya! Soma bango!"

"Nimeliandika mimi," nikamjibu, nikainamisha uso kwenye maji.