Ubao Juu ya Mlango

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumamosi moja mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nikirudi kutoka kazini nilipoona pazia la jirani yangu likipepea nje ya dirisha lake, ghorofa ya pili. Nilipanda ngazi, nikafungua mlango wangu, nikatazama pazia letu. Lilining'inia wima, halina habari.

Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotaka kukubali. Jengo lilikuwa jipya. Tulihamia wiki ile ile, milango ikitazamana, kodi ile ile. Tena dirisha langu lilitazama ziwa, ambako upepo wa alasiri hutokea, na lake lilitazama barabara ya kwenda Mamboleo. Kwa haki, upepo ulikuwa wangu.

Mke wangu alikuwa akipangusa ukuta kwa kitambaa. Saruji mbichi ilitoka jasho, na nyuma ya kitanda cha mtoto kuvu nyeusi ilikuwa imeanza kupanda. Mtoto alikohoa usiku wa tatu mfululizo.

"Baba, nimengoja," mke wangu alisema. "Mwisho wa mwezi kama hii nyumba haijakauka, nampeleka mtoto kwa mama, Port Victoria. Kwa jirani kumekauka kabisa. Mchana mimi hukaa huko."

"Huko kwa nani?"

"Kwa mke wake. Kwani kwa nani?"

Jirani yangu aliuza nguo sokoni. Alikuja kutoka Mkoa wa Kati, aliacha shule darasa la nne, na alicheka kwa sauti iliyopita ukutani. Mimi nilikuwa karani wa stoo niliyejisomea jioni kwa miaka kumi na mitano, na nilikuwa na kitabu kikuukuu cha mafundi wa ujenzi. Niliona aibu kwamba mwanangu alipumua vizuri nyumbani mwa mtu huyo kuliko kwangu.

Nilianza kwa kupima. Madirisha yetu yalilingana upana, nilihakikisha kwa futi niliyoinua mbele ya jicho, kwanza uani, kisha barabarani. Juu ya kila dirisha palikuwa na matundu manane ya hewa, kwake na kwangu. Kisha nilikata vipande vya karatasi nyembamba, nikavitundika kwa uzi sehemu sita za nyumba, nikaandika kila saa kipi kimetikisika. Cha dirishani kilitikisika kidogo. Cha katikati ya chumba hakikusogea hata alasiri, wakati mawimbi yalikuwa meupe ziwani.

Nikaamua kwamba upepo hauna nguvu. Nilinunua feni ya mezani kwa shilingi mia moja na arobaini na tano, nikaiweka mbele ya kitanda. Ilizungusha joto lile lile na harufu ile ile ya mkaa. Kuvu ikafika kwenye fremu ya dirisha. Mke wangu akashusha kikapu kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za mtoto.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi jirani aligonga, ameleta bakuli letu.

"Mwalimu!" Aliniita hivyo kwa sababu ya vitabu, na sikupenda. "Hii ni nyumba ama ni tanuri? Na feni inapiga kelele hivi!" Alitazama karatasi zangu. "Umetundikia nani bendera? Rais anapita?"

Mke wangu alicheka. Nilihesabu kwamba ni mara yake ya kwanza kucheka wiki ile.

Jirani akainua macho juu ya mlango. "Na hii mbao?"

Kila nyumba ya jengo lile ilikuwa na uwazi wenye nondo tatu juu ya mlango wa kutokea ukumbini, ule ujia kati ya nyumba zetu. Wangu nilikuwa nimeupigilia ubao wiki ya pili. Nilimwambia mke wangu ni kwa ajili ya wezi. Ukweli ni kwamba kicheko cha jirani kilipitia pale, na mke wangu alikuwa akicheka nacho akiwa jikoni, bila kunitazama.

"Ya wezi," nikasema.

"Mwizi gani atapita hapo, Bwana? Labda paka. Sasa upepo ikiingia dirishani, itatokea wapi?"

Nilijua ukurasa. Kitabu kilisema hewa huingia chumbani kwa kadiri inavyotoka, nami nilikuwa nimepiga mstari chini ya sentensi hiyo. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kile nilichokiziba kwa mkono wangu.

Alipoondoka nilipanda kiti na kung'oa misumari. Karatasi ya katikati ya chumba ililala kuelekea mlangoni, ikabaki hivyo.

"Kumbe jirani anajua vitu," mke wangu alisema, akiitazama.

Mwisho wa mwezi ukuta ulikuwa umeanza kukauka, mke wangu akangoja, na kwa siku tisa ulikauka wote. Mtoto aliacha kukohoa, na kikapu kikarudi juu ya kabati. Bado niliposikia kicheko ng'ambo ya ukumbi nilinyamaza kusikiliza kama kingejibiwa jikoni kwangu, na mara nyingine kilijibiwa. Ubao sikuurudisha.

Feni niliipeleka kwa wanunuzi wawili mjini, wakakataa. Aliyeitaka, kwa kibanda chake cha sokoni, alikuwa jirani. Alitoa tisini, hakuongeza hata senti, nami nikapoteza shilingi hamsini na tano.