Maksai Mwekundu na Kopo Shingoni

Ndugu yangu Ebenyo hunusa chai kabla ya kuinywa, hata aliyoipika mwenyewe. Ni mlinzi wa duka la simenti hapa Lodwar, na tajiri wake Kariuki humsifu, maana hakuna mfuko unaotoka langoni kabla Ebenyo hajaukagua mara mbili. Lakini hakuzaliwa hivyo. Alianza kushuku watu siku aliyorudi kutoka Kapedo, kijana mwembamba kama fito, nikamwambia maksai wake ameibwa.

Maksai huyo ndiye aliyempa jina. Mpaka leo wazee humwita Apaloreng, mwenye maksai mwekundu. Alimkunja pembe moja angali mdogo, akamvisha kengele ya chuma, akamtungia nyimbo. Alipokwenda Kapedo, mwaka ule wa njaa, alimwacha kwangu mimi dada yake. Nami nikamwambia wezi walikuja siku ya pili tu, wengi hata vumbi lao likafunika jua siku tatu. Tangu hapo amewashuku watu wa Kapedo, mashemeji wetu wa Nakalale, na padri mmoja aliyevaa viatu vyekundu.

Mwezi uliopita Adau akaja na filamu yake. Adau ni msichana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nilipokuwa nikiuza makaa huko alikuwa mtoto, akiniita Ata, yaani bibi, na kusikiliza uongo wangu penye bomba la maji. Filamu ameitengeneza peke yake kwa kompyuta, miaka miwili, ya ng'ombe wa kuchorwa anayetembea na kupumua. Tuliitazama mchana katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi.

Watu hawakuiamini. Carol wa ofisi ya kaunti aliuliza nani aliyemtuma. Mama mmoja alitaka kujua ng'ombe asiyekuwapo anapataje kivuli. Mimi nilicheka, maana hadithi ni yangu: maksai anakunywa ziwa lote, anakataa kukojoa mpaka wezi waombe radhi.

Ebenyo hakucheka. Alisimama mbele ya picha, akamziba ng'ombe kwa mgongo wake.

"Huyu ni wangu," akasema. "Mmemficha wapi?"

Ukumbi ukaanza kunong'ona. Mmoja akasema watu wa kambini wanajua mengi. Mwingine akaenda kusimama mlangoni. Adau alieleza kwamba humo ndani hamna kitu hai. Ebenyo akamwamuru amgeuze ng'ombe. Akamgeuza huku na huku, hata tumboni chini, na mzee akamkagua kama mfuko wa simenti. Pembe, ndiyo. Sikio, ndiyo. Akafika shingoni.

"Hili kopo la mafuta limetoka wapi? Mimi nilimwacha na kengele."

"Ni Ata Nakuleu aliyenisimulia, mzee," Adau akajibu. "Kengele alikuwa ameibadilisha kwa tumbaku, akamfunga kopo la mafuta ya msaada."

Vichwa vyote vikageuka kwangu. Nililitamani lile vumbi la siku tatu.

Ebenyo alihesabu polepole kwa vidole. Wezi, siku ya pili tangu aondoke. Chakula cha msaada, mwezi wa nne tangu aondoke. Kabla ya msaada hakuna aliyekuwa na kopo kama lile kwetu.

"Dada," akasema, "maksai wangu alivaa kopo lini?"

Ningeweza kumtungia jambo. Lakini yule mtu alikuwa bado mlangoni, akimtazama Adau. Basi nikasema kweli. Chakula cha msaada kilikuja mara moja, kikakatika. Watoto wangu walikuwa wamelala siku mbili bila kuinua vichwa. Nilimchinja maksai. Kuhusu tumbaku sikuwa na la kujitetea.

Mtu wa mlangoni akarudi kuketi. Ebenyo akanisogelea.

"Na ile nyama kavu uliyonipa niliporudi?"

"Ya mbuzi," nikasema.

"Mwaka ule mbuzi walikuwa wamekwisha wote."

Akamgeukia Adau, akamwambia aliondoe kopo, amrudishie maksai kengele ya chuma. Adau alipoleta sauti ya kengele, mzee alimwambia arudie mara sita mpaka ikalia alivyotaka.

Siku hizi bado huja kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Nikimwekea chai huinusa, kisha husukuma kikombe kwangu, ninywe mimi kwanza, aone. Nami hunywa.