Gari la Kitovu

Mke wangu Abdia alipenda magari ya mbio. Tulikaa pamoja miaka thelathini na moja. Nilimuuliza sababu mara mbili tu.

Mara ya kwanza alisema, "Na wewe, kwa nini unapenda ng'ombe?"

Mara ya pili alinieleza. Alikuwa msichana, anauza maziwa kando ya barabara pale Garsen. Magari ya mashindano yakapita. Moja likasimama. Dereva akanywa kibuyu kizima, akakirudisha, akaondoka. Vumbi lilipotulia gari lilikuwa limeshapotea.

"Nikajua kuna kitu kinamshinda swara kwa mbio," alisema, "na kimebeba maziwa yangu tumboni."

Sisi ni Waorma. Mwanamke wetu akiolewa huwa na ng'ombe wake mwenyewe. Abdia alikuwa na mkono wa baraka, ng'ombe wake walizaa. Mwaka wa sabini na tisa alichagua fahali wanne, akawapakia kwenye lori la mifugo la kwenda Mombasa, akamwambia dereva asirudi mtupu. Baada ya siku nane lori likarudi. Nyuma, juu ya mavi ya ng'ombe, lilikuwa limefungwa kamba gari jekundu la milango miwili. Datsun. Fupi kama mbuzi aliyelala.

Soko zima lilikuja kuangalia. Dida, dalali wa mifugo, alilizunguka akaligonga boneti.

"Shemeji, hili tumbo liko chini. Likipanda kichuguu litabaki hapo juu kama kobe."

"Hutalipandisha wewe."

"Na litakula nini?"

"Kidogo kuliko wewe."

Watu walicheka. Dida naye alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawafikiria wale fahali.

Akaliita Dimtu, jina la ng'ombe mwekundu. Baadaye wakaja wengine. Gurati alikuwa mweusi, gari aina ya Kapri. Dalati alikuwa wa kijivu, hana paa. Wa nne alikuwa mweupe, hakuwahi kuwaka hata siku moja, na Abdia alimpenda vilevile. Kila mmoja alimchorea alama ya ukoo wetu chini ya mlango, kwa msumari uliopashwa moto. Viti vya ngozi alivipaka samli, kama tunavyopaka ngozi zetu. Ukifungua mlango ulisikia harufu ya samli na moshi wa vibuyu.

Fundi mmoja wa Garsen alimfundisha kuendesha. Kiangazi, ardhi ikikauka, alikwenda na Dimtu mpaka Minjila na kurudi, mtandio umefungwa kwa nguvu. Siku moja askari alimsimamisha.

"Mama, leseni iko wapi?"

"Wewe ng'ombe wako unawachunga kwa leseni?"

"Ng'ombe haendi mbio hivi, mama."

"Ndiyo maana nimeuza ng'ombe."

Askari alimwacha aende. Alisema atamkamata siku nyingine, akiwa hajachoka.

Mapema mwaka wa tisini na saba macho yake yakaingia ukungu. Hakuweza kuendesha tena. Kwetu mtu hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Mmoja unampa rafiki wa mbali akae naye. Rafiki anakamua maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kwako, huko kwa rafiki kunabaki kitu. Abdia akasema atamweka Dimtu kwa Gunga.

Gunga ni Mgiriama, mkulima wa Minjila. Mkewe ni Dama. Walinunua maziwa kwa Abdia miaka mingi.

Nilikataa. "Gari si ng'ombe. Na ukitaka kumpa mtu, mpe yule mweupe asiyewaka."

"Baba Bishara, huwezi kumpa rafiki ng'ombe tasa."

Tulipomfikisha Dimtu kwake, Gunga alijikuna kichwa.

"Mama Bishara, huyu nitamkamua wapi?"

"Ana redio. Hayo ndiyo maziwa yake."

"Na akizaa?"

"Ndama ni wangu. Unajua desturi."

Walicheka wote watatu, Dama naye. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Mwaka huo mvua haikukoma. Habari ilishuka kutoka Ndera, huko juu mtoni, kwamba mto umevunja kingo. Tulihamisha ng'ombe mpaka ardhi ya juu, maji yakitufika magotini. Magari matatu yalibaki. Niligeuka mara moja. Maji yalikuwa yameshaingia madirishani, Dalati haonekani. Abdia hakuweza kuona. Aliniuliza, nikamwambia.

Kule juu ng'ombe wetu walianza kufa, kwa miguu kuoza na kwa homa. Kisha Abdia naye akashikwa na homa. Akawa anauliza neno moja.

"Dimtu yu hai?"

"Sijui."

"Nenda ukaangalie. Na usinidanganye."

Nilimwacha na binti yetu Bishara. Mpokomo mmoja alinipeleka kwa mtumbwi, tukapita juu ya mashamba ya watu. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitasema nini nikikuta gari limezama. Sijawahi kumwambia uongo mke wangu. Siku hiyo nilikuwa nautengeneza.

Nyumba ya Gunga ilikuwa imeanguka. Ghala la mahindi halikuwepo. Watu wote wa pale walikuwa juu ya tuta la barabara, na katikati yao alikuwa Dimtu, mkavu, leso zimeanikwa juu yake.

"Mlimletaje?" nilimuuliza Gunga.

"Tulimsukuma. Watu kumi na mbili."

"Na mahindi?"

"Mahindi yalikwenda."

"Wewe una mke mja mzito. Unaokoa gari unaacha chakula?"

Gunga aliniangalia kama anayemwangalia mtoto asiyejua kitu. "Mzee Jaldesa, mahindi yalikuwa yangu. Gari ni la watu."

Ndipo mlango wa gari ukafunguka, Dama akatoa kichwa. Kiti cha Dimtu kilikuwa kimelazwa nyuma. Kifuani kwa Dama palikuwa na mtoto, wa siku tatu.

"Mvua ilikuwa inapiga," Gunga alisema, "hakukuwa na paa jingine." Kisha akacheka, nguo zimelowa, hana nyumba. "Kamwambie Mama Bishara gari lake limezaa. Ndama ni wake."

Nilirudi. Abdia alikuwa amebaki mifupa.

"Yu hai?"

"Yu hai. Na amezaa."

"Nilikwambia usinidanganye."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka Bishara akaja mbio akidhani analia.

"Jike au dume?"

"Jike. Anaitwa Kadzo."

Akanishika mkono. Kwetu mtoto akizaliwa hupewa ng'ombe siku ya kukatwa kitovu. Huyo ni wake mpaka uzeeni. Hauzwi, hachinjwi, hakuna wa kumdai.

"Dimtu ni wa kitovu chake," alisema. "Mwambie Gunga. Sema mbele ya shahidi."

"Nitasema."

Siku ya nne alifariki. Tulimzika hapo juu, udongo mwekundu, ni pakavu.

Sikusema.

Maji yalipokauka Gunga alimleta Dimtu, akimvuta kwa trekta la kuazima. Mwenye mali akifa, unarudisha. Alitoa pole, akaniachia ufunguo, hakuomba hata nauli. Nilipokea. Ningeweza kusema pale pale. Nilifungua mlango nikasikia samli na moshi, nikafunga upesi harufu isitoke.

Basi nikakaa na gari hilo zaidi ya mwaka. Kila asubuhi nilifungua mlango kidogo, nikafunga. Harufu ilipungua hata hivyo. Bishara aliniuliza kama mama yake aliacha neno lolote. Nilisema hakuacha. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Kiangazi kilichopita Dama alikuja Garsen kuuza maembe, akapita kunisalimu. Kadzo alikuwa anatembea. Alikwenda moja kwa moja kwa Dimtu, akavuta mlango kwa mikono miwili, akapanda kitini kama mtu aliyerudi kwake.

"We, shuka!" Dama alimkemea. "Si chako hicho!"

Nilisema, "Mwache."

Nikatuma mtu amwite Gunga. Kisha nikamwita Dida awe shahidi, maana yeye ndiye aliyelicheka siku ya kwanza. Nikasema mbele yao kama alivyoniagiza. Huyu ni wa kitovu cha Kadzo. Hauzwi, hachinjwi. Nikasema pia nilichelewa, na kosa ni langu.

Gunga aliinamisha kichwa. Hakuuliza kwa nini nilichelewa.

"Na mafuta?" Dida akauliza.

"Mafuta ni ya babake."

Kabla hawajaondoka niliomba wangoje. Nikaingia ndani nikatoa samli, nikavipaka viti, cha dereva kwanza. Yule fundi wa Garsen akaja akaliwasha. Lilikohoa, likakubali, akawapeleka Minjila.

Nilisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.