Dawa ya Manche

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Mama alikuwa akisema nikipewa mkate nitaugeuza kwanza nione chini yake. Na katika miaka ile ya Likasi, kampuni ya madini ilipoacha kulipa na viwanda vya mtaa wetu wa Panda vikanyamaza kimoja baada ya kingine, nani hakushuku? Jirani akipika nyama, mtaa mzima ulijiuliza ameitoa wapi. Tofauti ni kwamba wengine walishuku wakanyamaza. Mimi nilisema.

Nilikuwa napiga gita ya umeme kanisani kwetu, kanisa la maombi lenye kelele nyingi na waumini wachache wenye viatu. Gita yenyewe ilikuwa nzuri. Shida ilikuwa manche, ile shingo ambayo mkono wa kushoto hupanda na kushuka juu yake. Mtu fulani asiye na huruma alikuwa ameipaka verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, nene mno. Joto la Oktoba likija, verni inalainika, kidole gumba kinanata. Niko katikati ya wimbo, mkono umegoma! Nilikasirika hadi nikataka kuivunja.

Barabara ya nyuma yetu alikaa fundi mbao mmoja, aliyefanya kazi kampunini miaka mingi. Sasa alitengeneza vitanda na majeneza uani kwake. Alizaliwa Panda kama mimi, lakini babu yake alitoka mkoa mwingine, na siku zile watu kama yeye waliambiwa hadharani warudi kwao. Yeye tulimwacha, kwa sababu alikuwa na jina zuri: hajawahi kula kitu cha mtu. Jina hilo ndilo lililomweka pale. Hakuwa na ulinzi mwingine.

Nikaifungua manche kwenye gita, nikampelekea.

"Leka hapa," akasema. "Utarudia kesho kutwa."

Kesho kutwa! Mimi? Kesho yake saa sita mchana nilikuwa uani kwake, bila hata kupiga hodi.

Manche ililala juu ya gunia, uchi kabisa; alikuwa ameikwangua verni yote kwa kipande cha chupa. Fundi ameinama, mkononi ana unyoya wa jogoo. Anauchovya katika kikombe chenye maji ya zambarau, anapaka, anachovya tena, anapaka. Mbao yangu imekuwa zambarau kama vazi la padri wakati wa Kwaresima. Na huku anaimba chinichini maneno ambayo si Kiswahili, si Kifaransa, si Kibemba.

"Eeh, fundi! Ni nini ile unaweka ku gita yangu?"

Hakushtuka. "Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Dawa ya manche. Leka ikauke. Itabadirika yeyewe."

Dawa. Unyoya wa jogoo. Na itabadilika yenyewe! Damu ilinichemka. Ningeweza kumuuliza swali moja zaidi, moja tu, lakini mtu wa kushuku hapendi majibu, anapenda kuwa sahihi. Nikatoka mbio. Kwenye bomba la maji nilimkuta mama mmoja wa kanisa letu, nikamwambia yote kabla hata ya kumsalimu.

"Yesu wangu!" akasema, mkono mdomoni. "Minye nilijua! Bale bantu, minye nilijua!"

Hakujua lolote. Lakini nilifurahi kwamba alijua.

Nilipoifuata manche, haikuwa zambarau tena. Ilikuwa kahawia, rangi ya ganda la karanga iliyokaangwa, na verni nyembamba juu yake. Kidole kiliteleza tangu juu hadi chini. Kazi safi, na uzuri wake ukanifanya niishuku zaidi. Kanisani mchungaji aliiwekea mikono, wakaikemea ile dawa mpaka wakalowa jasho, ndipo nikaruhusiwa kupiga.

Fundi hakuombewa. Lisemwalo lipo, watu walisema. Nani angemlaza marehemu wake ndani ya jeneza la mtu wa dawa? Vitanda vikakaa uani vikinyeshewa. Kisha wakaja watu wakamwandikia ukutani kwa mkaa kwamba aondoke, na safari hii hakuna jirani aliyetoka kusema, "Huyu tunamjua." Hata mimi sikutoka.

Siku chache baadaye bibi yangu alijikata mguu kwa jembe. Muuguzi wa dispansari akadondosha punje nyeusi ndani ya beseni, na maji yakawa zambarau. Nikainama juu ya beseni.

"Ni nini ile?"

"Permanganate. Dawa ya vidonda."

Tone moja lilianguka juu ya benchi la mbao. Nilikaa nikilitazama. Muuguzi alipomaliza kufunga mguu, lilikuwa limegeuka kahawia, kahawia ileile ya manche yangu. Nikamwimbia kile kipande cha wimbo wa fundi nilichokikumbuka. Akacheka. Ni Kilatini, akasema, wimbo wa misa. Wazee wa Kikatoliki bado wanauimba.

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo tunavyosema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Fundi nilimkuta stesheni na mke wake, wamekaa juu ya mizigo kati ya umati wa waliofukuzwa, wakisubiri treni ya kwenda mkoa wa babu zao, isiyojulikana siku yake. Nilikuwa nimebeba gita. Aliomba aione. Akapitisha kidole gumba nyuma ya manche, taratibu, akienda na kurudi.

"Kanisani banakubali uipige?"

"Banakubali. Baliiombea."

"Balitoa dawa?"

"Balitoa."

Akaigeuza kwenye jua, akaitazama sana.

"Kumbe," akasema. "Na rangi ilibakia."

Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Alinirudishia gita, nikaipokea kwa mikono miwili, nikasema, "Aksanti, fundi."